Bwana Vioo na Kipande Kilichoelea

Marehemu mume wangu hakufukuzwa kazi. Naanza na hilo kwa sababu juzi, katika ua wa nyumba yetu wenyewe, nilimsikia mtu aliyekuja kutupa pole akimnong'oneza mwenzake, kikombe cha chai yetu kikiwa mkononi mwake: "Huyu si ndiye aliyefukuzwa hospitali kwa kubadilisha majibu ya mgonjwa? Wanasema alipewa kitu kidogo." Mwenzake akaitikia, "Lisemwalo lipo." Methali hiyo naijua, nimeifundisha miaka mingi. Si hati ya ushahidi. Marehemu aliajiriwa tarehe 1 Julai 1977 na akastaafu tarehe 31 Machi 2015 kwa barua ya shukrani, ambayo imetundikwa sebuleni kushoto kwa saa ya ukutani. Anayetaka kuisoma akaisome, mlango uko wazi. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miezi mitatu ambayo hakwenda kazini. Alisimamishwa. Kusimamishwa si kufukuzwa, na nitaeleza hapa kwa nini alisimamishwa, maana yeye hakuwahi kuona haya kulieleza.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alinishauri niiruke miezi hiyo.

"Shemeji, siku ya kuzika si siku ya kufukua," aliniambia. "Andika alizaliwa, alisoma, alifanya kazi, basi. Watu watasema."

"Watu wameshasema, shemeji. Walionyamaza ni sisi."

Aliomba aongezewe sukari. Nilichukua hiyo kuwa idhini. Wasifu huu unasomwa na binti yetu wa kwanza kwa kuwa sauti yangu siiamini leo, lakini kila neno lililomo nimeliandika mimi.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1955, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa fundi wa breki za mabehewa. Mama yake alikuwa mshonaji wa sare za wafanyakazi wa reli, na cherehani yake ilikaa chini ya dirisha pekee lenye mwanga wa kutosha. Kazi ya marehemu utotoni ilikuwa kukusanya vipande vya vitambaa vilivyoanguka na kuvipanga: pamba huku, turubai huku, bitana huku. Dada yake mkubwa anasimulia kwamba walipomfunga macho kwa mchezo alikuwa akivitambua kwa vidole, na hakukosea hata mara moja. Ndugu zake walimwita Mzee Polepole. Aliposhika kitu hakukiachia mpaka amekijua.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, na sekondari kuanzia 1969 hadi 1972. Shule yao ya sekondari ilikuwa na hadubini moja, yenye skrubu iliyopotea na kufungwa kwa kamba. Siku ya zamu ya darasa lao mwalimu aliweka ganda jembamba la kitunguu chini ya lenzi, kila mwanafunzi akaruhusiwa kutazama huku wenzake wakihesabu mpaka kumi. Wenzake walihesabu mpaka kumi, wakarudia, wakafika ishirini. Hakutoka.

"Wewe, toka hapo," mwalimu alimwambia. "Kitunguu hakiendi popote."

"Mwalimu, nilidhani nitaona kitunguu kikubwa. Mbona naona mtaa?"

Darasa zima lilimcheka. Lakini alikuwa ameona sawasawa: safu za vyumba vidogo, kila kimoja na ukuta wake na kitone chake ndani. Alijiunga na chuo cha maabara za hospitali mwaka 1973, akapata cheti mwaka 1975, kisha stashahada ya utaalamu wa tishu mwezi Juni 1977.

Wengi mliokuja leo mlimjua kwa jina la Bwana Vioo bila kujua vioo gani. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido ya chini, chenye madirisha mawili na harufu ya dawa ya fomalini ambayo sabuni yetu ya nyumbani haikuwahi kuishinda. Daktari wa upasuaji alipotoa kipande cha nyama mwilini mwa mgonjwa, kililetwa kwake ndani ya kichupa. Alikiloweka kisioze, akakitoa maji, akakijaza nta iliyoyeyuka mpaka kikawa donge gumu kama kipande cha mshumaa. Kisha alikikata kwa mashine yenye kisu kikali, utando mwembamba kiasi kwamba unywele mmoja wa kichwa chako unaushinda unene mara kumi na tano. Utando huo aliuweka juu ya maji ya uvuguvugu ndani ya beseni ujikunjue, akaupitishia kioo kwa chini na kuuokota, kama mtu anayeokota jani juu ya dimbwi. Mwisho aliupaka rangi: viini vya seli vikawa zambarau, vingine vyote waridi. Kioo kilikwenda kwa daktari wa maabara, naye ndiye aliyetazama na kuandika kama mgonjwa ana saratani au hana. Marehemu hakuandika majibu ya mtu. Aliandaa vioo ambavyo majibu hayo yalisomwa. Anayesema alibadilisha majibu hajui hata nani hushika kalamu.

Tulikutana mwezi Mei 1980. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili na hesabu, na mkuu wa shule alikuwa amemwalika aje na hadubini kuwafundisha kidato cha tatu. Alifika mapema, akasimama dirishani huku mimi nikiita majina. Nilipotaja jina la mwanafunzi mmoja mtoro, rafiki yake aliitika kutoka nyuma. Sikuinua kichwa. Nilisema tu, "Aliyeitika si mwenye jina," nikaendelea. Dirishani mtu alicheka peke yake.

Kipindi chake kilipofika aliwaonyesha wanafunzi tishu ya koromeo la hewa. Aliniita na mimi nitazame. Niliona safu ya seli zilizosimama bega kwa bega, zenye vinywele juu.

"Hivyo vinywele ni vya nini?" nilimuuliza.

"Ni wafagiaji. Wanasukuma vumbi na makohozi kwenda juu, usiku na mchana."

"Hawana likizo?"

"Wanayo, Mwalimu. Mtu akivuta sigara anawapa likizo ndefu."

Tulioana Jumamosi, tarehe 5 Desemba 1981. Hakuacha kuniita Mwalimu, hata mbele ya wakwe zake, na mama yangu alidhani ni dharau mpaka siku alipolazwa akamwona anavyomwita muuguzi kwa jina tu; ndipo akajua kwamba Mwalimu ni heshima. Mungu alitujalia watoto watatu. Nyumbani marehemu alikuwa mtu wa utani na mpishi mbaya. Alipika uji mara moja mwaka 1984 na sufuria ile tuliitupa.

Kile kitendo changu cha kuita majina alikibeba hadi kazini. Wanafunzi wa mafunzo waliopita chumbani kwake watakumbuka. Hakuwaruhusu kusema "hii ni tumbo" au "hii ni figo" kabla ya kuita majina. Aliwaambia hivi, na naandika kama nilivyomsikia mara nyingi mezani petu: mtu mzima huanza na seli moja. Hiyo hugawanyika, na watoto wake hugawanyika, na zote hubeba maelekezo yaleyale, lakini kila moja hufuata sehemu yake tu na kuacha nyingine. Moja hujifunza kujikaza na kulegea, hiyo ni ya msuli. Nyingine hujifunza kupeleka habari, hiyo ni ya neva. Seli za kazi moja zikikaa pamoja, hiyo ni tishu. Tishu za kazi mbalimbali zikishikana kwa jambo ambalo hakuna hata moja iwezayo kulifanya peke yake, hiyo ni ogani.

Halafu aliwawekea kioo cha tumbo. Nani yupo? Wapo wanaotengeneza tindikali. Wapo wanaotengeneza ute wa kulinda ukuta usiliwe na tindikali ileile. Chini yao ipo tishu unganishi inayowashika, na mishipa ya damu inayowaletea chakula, na msuli unaokoroga, na neva zinazouambia msuli sasa anza, sasa pumzika. Kisha aliuliza: nani hayupo anayepaswa kuwepo? Na nani amekuja asiyehusika hapa?

Mwanafunzi mmoja, ambaye sasa ni msimamizi wa maabara, alimuuliza, "Mzee, na bosi wao ni nani?"

"Hapo tumboni? Hakuna."

"Sasa nani anahakikisha kazi inafanyika?"

"Kila mmoja akiacha kazi yake, jirani yake anaumia kabla ya saa kupita. Inatosha."

"Basi hospitali yetu ingeanza kuajiri hao."

Marehemu alimpa adhabu ya kuosha vioo wiki nzima, lakini jioni alinisimulia huku akicheka mpaka machozi.

Sasa nieleze jambo lenyewe. Mazungumzo ya siku ile nimeyapata kwa daktari wa maabara wa wakati huo, ambaye amestaafu na ameketi nasi leo, na ameusoma ukurasa huu kabla haujachapwa.

Alhamisi, tarehe 17 Septemba 1998, baada ya chakula cha mchana, marehemu alikuwa akipanga vioo vya wiki iliyopita kwenye makabati. Alikuwa na mazoea ya kuchagua kimoja kimoja kwa ajili ya somo. Kilichomwangukia mkononi kilikuwa cha mama mmoja wa miaka ishirini na sita, ambaye hakuwa na mtoto. Utando uliokuwa juu yake ulitoka ndani ya mfuko wake wa uzazi. Majibu yalikuwa yameshaandikwa: saratani. Kesho yake asubuhi, Ijumaa, mama huyo alikuwa aingie chumba cha upasuaji na mfuko wa uzazi utolewe.

Marehemu aliita majina. Seli za mfuko wa uzazi zilikuwepo, zimetulia, kila moja mahali pake. Lakini kwenye kona palikuwa na kipande kidogo kilichojitenga, na ndicho chenye saratani. Pembeni mwa saratani hiyo kulikuwa na seli chache nzima bado, zimetuna kama vikombe, zimejaa ute. Seli hizo alizijua kama ninavyowajua wanangu. Ni za utumbo mpana. Kazi yao ni kulainisha njia ya kinyesi. Mfuko wa uzazi una tezi zake, lakini watumishi wa aina ile hauna.

Alifungua kitabu cha kazi. Donge la nta lililokatwa kabla ya la mama yule lilikuwa la mzee mwenye saratani ya utumbo. Aliyekata yote mawili alikuwa yeye. Kati ya mgonjwa na mgonjwa unapaswa kuburuza ukanda wa karatasi juu ya maji ya beseni, ili kila kichembe kilichobaki kinaswe. Siku ile hakuburuza. Kipande cha utumbo wa mzee kilibaki kikielea, na utando wa mama yule ulipookotwa, kikaokotwa pamoja nao. Alirudi kwenye mashine, akakata tena donge la mama yule, tando kumi mpya kwenye maji mapya. Katika zote kumi hapakuwa na saratani wala utumbo. Ndipo akapanda ngazi.

"Daktari, kile kioo cha mama wa kesho. Si chake chote."

"Umekunywa nini leo?"

"Chai. Tazama kona ya kulia, chini."

Daktari alitazama. Anasema alitazama muda mrefu, kwa kuwa macho yaliyopitwa na seli zile mara ya kwanza yalikuwa yake.

"Huu ni utumbo," alisema.

"Ni utumbo. Na mfuko wa uzazi haujawahi kuajiri hawa."

"Nani alikata?"

"Mimi."

"Wiki ile mlikuwa watatu mle ndani. Kitabu kina saini zisizosomeka."

"Ya kwangu inasomeka, daktari. Mwalimu wa nyumbani hakubali mwandiko mbaya."

Daktari alishika simu. Upasuaji ulifutwa saa tisa na nusu alasiri ya siku hiyohiyo.

Nitasema na yangu, kwa kuwa nimeahidi kutoruka. Aliponieleza jioni ile, mimi mkewe sikumsifu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha jikoni na madaftari ya watoto wa watu mapajani, na nikamuuliza, "Kwa nini hukubadilisha kile kioo kimyakimya? Ungemwekea daktari kioo kipya, ungesema kile cha kwanza kimevunjika, mama wa watu angepona upasuaji, na wewe ungebaki na jina lako."

"Mama angepona, ndiyo. Na beseni?"

"Beseni lina nini?"

"Lingebaki vilevile, Mwalimu. Kesho litamwokotea mwingine, na huenda siku hiyo mimi sipangi vioo."

Mjue basi. Kama marehemu angebadilisha, kama hao wenye midomo wanavyodai, hakuna ambaye angemsema mpaka leo. Alisemwa kwa sababu hakubadilisha. Na aliyemlaumu kwa kutobadilisha ni mimi, mwalimu wa watoto wenu, ninayesifiwa kwa uadilifu kila mahafali.

Aliandika maelezo yake kwa kamati kwa mistari sita. Nilimwomba aongeze kwamba beseni lilikuwa moja kwa mafundi watatu, na kwamba mwenzao wa nne alikuwa likizo hivyo kazi ilikuwa imezidi. Yote hayo yalikuwa kweli. "Ni kweli," alinijibu, "lakini hayakuokota kile kipande." Nilichofanikiwa kukiongeza ni nukta moja katika mstari wa nne. Kamati ilimsimamisha kuanzia tarehe 21 Septemba hadi tarehe 21 Desemba 1998. Kabla hajaondoka aliomba siku mbili, akapitia vioo vyote arobaini na tatu vilivyokatwa wiki ile, akaita majina katika kila kimoja. Vingine vyote vilikuwa safi.

Miezi mitatu ile ilikuwa migumu, sitaipamba. Mtaani walimsalimia marehemu kwa pembe ya jicho. Binti yetu wa pili alirudi kutoka shule na kuuliza, "Mama, baba ameua mtu?" Marehemu alimchukua, akamkalisha mezani na sahani mbili za maji na punje za pilipili manga, akamwonyesha jinsi kichembe kinavyoelea na jinsi karatasi inavyokinasa. Mtoto alicheza mchezo huo mpaka pilipili ikaisha. Leo ni fundi wa tishu katika chumba kilekile, mwisho wa korido ileile, na kuna mwenzake kazini aliyewahi kumwambia kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Ni kwa ajili yake hasa naandika haya yachapwe, si yasemwe tu yapotee hewani.

Marehemu alirudi kazini Jumanne, tarehe 22 Desemba. Alikuta kila fundi na beseni lake, na juu ya kila beseni kumebandikwa kanuni kwamba hakuna donge jipya kukatwa kabla karatasi haijapita juu ya maji. Mafundi huiita karatasi ya Bwana Vioo. Kuanzia Januari 1999 hospitali ilimpa kazi ya kufundisha katika kituo chake cha mafunzo, sambamba na kukata. Somo lake la kwanza kila mwaka lilikuwa kile kioo chenye kosa, kikiwa kimefunikwa namba ya mgonjwa. Aliwaambia wanafunzi, "Hili ni kosa langu. Litafuteni." Waliolipata walisoma kuanzia hapo bila kusukumwa. Kwa hesabu ya msimamizi wa maabara amefundisha mafundi mia moja na themanini na saba. Wapo waliokwenda mbali sana, na wiki hii simu zao hazijanyamaza.

Mwezi Aprili 2001 mama mmoja alibisha hodi kwetu. Alijitambulisha kwangu mlangoni, akiwa na mtoto wa miezi saba kiunoni. Alikuwa amemsihi yule daktari amwonyeshe ni nani aliyepanda ngazi siku ile. Aliketi, akakataa chai, kisha akaikubali. Alimwekea marehemu mtoto mapajani.

"Nimekuja kukuonyesha kilichotoka pale walipotaka kutoa," alisema.

Marehemu alimtazama mtoto kidole kwa kidole, sikio kwa sikio, akamfungua mdomo akahesabu meno mawili.

"Wote wamehudhuria," alisema. Kisha akatoka kwenda uani, eti kutafuta koleo, na alikaa huko muda mrefu kuliko mtu anayetafuta koleo.

Mama huyo alikuja tena mara chache, mwisho akiwa na mtoto wa pili. Hapo ndipo redio mbao ilipopata habari mpya. Kwamba Bwana Vioo ana nyumba ndogo. Kwamba mke anajua na amenyamaza kwa aibu. Wapo waliodiriki kulinganisha pua ya mtoto na ya marehemu, na pua ya marehemu, wote mliiona, hailinganishiki. Nilimwambia marehemu awaeleze watu huyo ni nani. "Vioo havina majina, Mwalimu, vina namba," alijibu. "Yeye akitaka kusema, mdomo anao." Nilikasirika siku mbili.

Jumatatu, tarehe 22 Februari 2021, akiwa ameshastaafu, alikuwa akitengeneza hadubini ya shule jirani juu ya meza yetu ya kulia chakula alipoweka bisibisi chini na kusema kifua kimebana. Alilazwa siku kumi na moja. Picha ilionyesha kwamba sehemu ya ukuta wa kushoto wa moyo imekufa. Wajukuu walipomzunguka kitandani aliwaeleza kama anavyoeleza mafundi: kila seli ya moyo hupiga yenyewe, hata ikiwa peke yake, lakini zikigusana hukubaliana pigo moja. Zilizokufa hazirudi. Mwili umewaleta mafundi wengine wanaotengeneza kovu. "Kovu halipigi," aliwaambia, "lakini limeziba ukuta usipasuke. Waliobaki wanaendelea na kazi." Waliobaki waliendelea na kazi miaka mitatu na miezi mitatu. Katika muda huo alimaliza ile hadubini, na nyingine tisa za shule nyingine, alitembea kila asubuhi hadi kituo cha mabasi na kurudi, na alicheza dansi katika harusi ya mjukuu wetu wa kwanza, vibaya, kama alivyopika.

Mwezi Machi mwaka huu figo zilianza kuchoka kwa kuwa moyo haukuweza tena kuzipelekea damu ya kutosha. Alilijua hilo kabla ya daktari. Alilazwa tarehe 28 Mei, ghorofa moja juu ya chumba chake cha zamani. Binti yetu wa pili alipanda kumwona kila mapumziko, aproni ikiwa bado shingoni, na kila mara baba yake alimuuliza, "Umefuta maji?" naye akajibu, "Nimefuta, baba." Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Mkono wake mmoja nilikuwa nimeushika mimi, mwingine mdogo wake. Uso ulitulia.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wakwe watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja anayetarajiwa mwezi Septemba. Ameacha dada wawili na mdogo wake wa kiume. Ameacha wanafunzi wake, ambao asubuhi hii, watu wa chumba kimoja na kingine, wamegawana kazi bila mimi kuomba: wengine wamepanga viti, wengine wamepokea wageni, wengine wamechapa karatasi hizi. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa ghorofa ya kwanza.

Baba watoto, umefanya sehemu yako na umeifanya kwa mkono safi. Lala salama, Mungu akupe pumziko.

Limebaki moja. Shemeji aliniomba jana, na kwa nia njema, nimtaje yule mama kwa jina ili maneno ya nyumba ndogo yafe leo kaburini. Najua yangekufa. Jina lake ninalijua, na mahali anapoishi napajua, na kama yuko miongoni mwenu au hayuko, hilo pia ninalijua. Siri ya mwili wake ni yake. Wenye kusema na waseme.

Sitamtaja. Msiniulize leo, wala kesho, wala mkija kwa arobaini.